Mratibu Hodari Anapoitwa Kuwa Kocha Mkuu wa Timu Nyingine

Swali: Nimeishi Marekani kwa miaka tisa na nimejifunza kuipenda futiboli yao, lakini kuna jambo moja silielewi. Kila Januari mratibu wa timu iliyotamba, yaani kocha msaidizi anayeongoza sehemu moja ya mchezo, huchukuliwa na timu iliyoboronga ili awe kocha mkuu. Mmoja hutwaa ubingwa, mwingine hufukuzwa hata msimu wa kwanza haujaisha, na wote wawili walikuja wakiwa na sifa zilezile. Je, mratibu anafaa kupewa kazi hiyo kwenye timu nyingine? Na ipo njia ya kumtambua mapema atakayefaa, au ni kubahatisha tu?

Jibu: Anafaa, ila sifa anazokuja nazo zinathibitisha nusu tu ya kazi anayopewa, na nusu ya pili haionekani katika takwimu za timu anayoiacha. Inaonekana kwa watu anaowachukua ili wamfanyie ile sehemu ambayo yeye mwenyewe haijui. Hilo ndilo ninalolitazama kila mwaka kabla sijatoa maoni kuhusu kocha mpya, na nitakueleza sababu zangu kwa kutumia watu na mechi ambazo huenda ulizishuhudia.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa sisi tuliokulia katika soka huingia kwenye mchezo huu tukiwa na picha isiyo sahihi ya kocha msaidizi. Katika soka, msaidizi huitazama mechi ileile anayoitazama bosi wake kwa dakika 90, na akiachiwa timu kwa kuwa bosi amefukuzwa, anaachiwa kitu alichokuwa akikiona kila siku. Futiboli ya Kimarekani haiko hivyo. Timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli hiyo, ina wachezaji 53, na wale wa mashambulizi hawachezi ulinzi, wala wa ulinzi hawachezi mashambulizi, isipokuwa kwa nadra sana. Kisha vipo vikosi maalumu vinavyoshughulika na mipira inayopigwa kwa mguu. Kila upande una mratibu wake, mikutano yake na chumba chake cha kutazamia video. Ulinzi unapoingia uwanjani, mratibu wa mashambulizi huwa ameinamia tabuleti pamoja na wachezaji wake, wakikagua picha za mipira iliyopita na kupanga watakachofanya wakirudi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mratibu wa kusifika kwa miaka kumi katika ligi kubwa kuliko zote, na ikawa karibu nusu ya kila mechi ya timu yake hakuitazama kwa macho yake mwenyewe.

Hilo nimelipitia mimi mwenyewe, katika ngazi ya chini kabisa. Nilifundisha ulinzi kwa misimu minne katika timu ya shule moja ya sekondari hapa Marekani, na Ijumaa moja kocha mkuu aliuguliwa na mzazi wake akaniachia timu. Niliamini niko tayari, kwa sababu ulinzi wetu ulikuwa mzuri na vijana walinisikiliza. Kabla ya mechi kuanza mwamuzi alinifuata kuniuliza kama nathibitisha kwamba wachezaji wote wamevaa vifaa vinavyoruhusiwa, swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa. Dereva wa basi alitaka kujua tutaondoka saa ngapi. Mama mmoja alisimama nyuma ya kamba akitaka uamuzi kuhusu kifundo cha mguu cha mwanawe. Niliyajibu yote nikaona nimeyamudu. Katika robo ya tatu nilikuwa nimepiga magoti nikiwachorea walinzi wangu ubaoni, nikasikia kocha wa mashambulizi akiita kwa sauti, "Kocha, tunakwenda au tunapiga?" Nilipoinua uso sikujua mpira uko yadi ya ngapi, wala kama hilo lilikuwa jaribio la tatu au la nne, yaani la mwisho kati ya manne ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, ambapo huchagua kuendelea au kuupiga mpira kwa mguu. Saa ya kuanzisha jaribio ikaisha nikiwa bado natafuta jibu, na tukapewa adhabu ya yadi 5 kwa kuchelewesha mchezo. Kosa lile halikuwa la kutojua futiboli. Niliijua vizuri upande mmoja, na upande huo ukaendelea kunivuta usiku kucha.

Sasa uipeleke hali hiyo mbele ya mamilioni ya watazamaji. Tarehe 12 Septemba 2022, Nathaniel Hackett alisimamia mechi yake ya kwanza akiwa kocha mkuu wa Denver Broncos, ugenini Seattle. Alikuwa ametoka Green Bay Packers, ambako kwa misimu mitatu alikuwa mratibu wa mashambulizi ya timu iliyoshinda mechi 13 kila msimu, huku Aaron Rodgers akiwa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo. Hakuna aliyeweza kusema sifa hizo zilikuwa haba. Denver walikuwa nyuma kwa pointi moja, 17 kwa 16, na walikuwa wamebakiwa na mapumziko yao yote matatu ya kusimamisha saa. Baada ya jaribio la tatu zilikuwa zimebaki kama sekunde 60 na walihitaji yadi 5 tu ili waendelee na shambulizi, mpira ukiwa mikononi mwa Russell Wilson, mrushaji (mchezaji anayeongoza mashambulizi uwanjani) ambaye klabu ilikuwa imemlipia gharama kubwa. Saa ikaachwa iende. Ilipofika sekunde 20 ndipo Hackett aliposimamisha mchezo na kumpeleka mpigaji wake, Brandon McManus, ajaribu kupitisha mpira katikati ya nguzo kutoka yadi 64, umbali ambao McManus hakuwa amewahi kuufikia katika mechi yoyote ya ligi. Mpira ulikwenda nje kushoto. Siku iliyofuata Hackett mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kulijaribu lile jaribio la nne.

Wiki iliyofuata, mashabiki wa Denver katika uwanja wao wa nyumbani walianza kuihesabu saa kwa sauti, wakirudi nyuma hadi sifuri, ili kumsaidia kocha wao asipewe tena adhabu ya kuchelewesha. Nilipoitazama mechi ile roho iliniuma, maana najua anavyojisikia mtu aliye katika hali hiyo. Klabu ikamtafuta Jerry Rosburg, kocha wa vikosi maalumu aliyekuwa amekwisha kustaafu, aje asimame kando ya Hackett na kumshauri kuhusu saa na majaribio ya nne. Novemba jukumu la kuchagua mbinu za mashambulizi likapewa mtu mwingine. Siku moja baada ya Krismasi, wakiwa wameshinda mechi 4 na kupoteza 11, Hackett alifukuzwa, na Rosburg yuleyule ndiye aliyeshika timu hadi msimu ulipokwisha.

Watu wengi hueleza anguko hilo kwa jambo moja: kule Green Bay aliyekuwa akichagua mbinu ya kila shambulizi ni kocha mkuu, Matt LaFleur, na Hackett alikuwa mratibu wa kuandaa tu. Wanamlinganisha na Sean McVay, ambaye alikuwa akichagua mbinu za timu ya Washington mwenyewe kabla Los Angeles Rams hawajamchukua Januari 2017 akiwa na umri wa miaka 30, na ambaye msimu wake wa kwanza aliitoa timu kwenye ushindi wa mechi 4 akaifikisha kwenye 11. Maelezo hayo yana uzito. Ni haki kabisa kuuliza mratibu anayesifiwa alikuwa akifanya nini hasa, kwa maana cheo hicho katika timu moja ni kazi kamili na katika nyingine ni nusu kazi.

Lakini maelezo hayo hayatoshi, na shahidi wangu ni Nick Sirianni. Yeye naye, alipokuwa mratibu wa mashambulizi wa Indianapolis Colts kuanzia 2018 hadi 2020, hakuwa mchaguzi wa mbinu. Kazi hiyo ilikuwa ya kocha mkuu Frank Reich. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2021, na alianza kwa kuchagua mbinu mwenyewe, kama makocha wengi wapya wanavyojiona wanalazimika kufanya. Mambo yalikwenda kombo, timu ikapoteza mechi 5 kati ya 7 za kwanza, na ndani ya msimu huohuo Sirianni alimwachia Shane Steichen kazi hiyo. Ninaomba ukitafakari kitendo hicho. Mtu aliyepewa ukocha mkuu kwa sababu ya ujuzi wake wa mashambulizi anaukabidhi ujuzi huo kwa msaidizi, katika mji ambao mashabiki wake hawana subira, ili yeye aitazame mechi nzima. Mwaka uliofuata Eagles walishinda mechi 14 na kufika Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa na Kansas City Chiefs 38 kwa 35.

Kilichofuata ndicho kinachonishawishi zaidi. Siku mbili tu baada ya fainali hiyo, Steichen alichukuliwa na Colts, na mratibu wa ulinzi, Jonathan Gannon, akachukuliwa na Arizona Cardinals, wote wawili kuwa makocha wakuu. Sirianni akaweka watu wengine. Msimu wa 2023 timu ilianza kwa ushindi wa mechi 10 na kupoteza moja, kisha ikaporomoka. Desemba alimnyang'anya mratibu wake mpya wa ulinzi jukumu la kuchagua mbinu akampa msaidizi mwingine, na bado wakafungwa 32 kwa 9 huko Tampa katika mechi ya kwanza ya mtoano. Kocha yuleyule, wachezaji wengi walewale, klabu ileile. Kilichobadilika hasa ni waratibu. Kwa msimu wa 2024 akaletewa Kellen Moore kwa mashambulizi na Vic Fangio kwa ulinzi, na Februari 2025 Eagles wakawa mabingwa kwa kuwafunga Chiefs haohao 40 kwa 22.

Sasa tazama ni nani aliyekuwa akiuongoza ulinzi wa mabingwa hao. Fangio alikuwa mratibu wa ulinzi wa Chicago Bears mwaka 2018, ulinzi ulioruhusu pointi chache kuliko timu yoyote katika ligi, na kwa sifa hizo Denver walimpa ukocha mkuu. Katika misimu mitatu huko, 2019 hadi 2021, alishinda mechi 19 na kupoteza 30. Hakuwahi kupata mrushaji wa kutegemewa, na upande wa mashambulizi haukutulia. Alipoondoka wapo waliosema kwamba amekwisha. Miaka mitatu baadaye, katika Super Bowl, ulinzi wake uliwazuia Chiefs wasipate hata pointi moja katika kipindi chote cha kwanza. Ubao ulisoma 24 kwa 0, na Patrick Mahomes, mrushaji aliyekwisha kutwaa mataji matatu, aliangushwa na mpira mkononi mara 6 kabla ya mechi kwisha. Fangio hakuwa amejifunza ulinzi upya kati ya miaka hiyo. Alirudi kwenye kazi anayoiweza kuliko karibu mtu yeyote aliye hai, akiwa chini ya kocha aliyebeba mengine yote.

Ninasisitiza hilo kwa sababu huwa tunakitazama cheo cha mratibu kama ngazi ya kupandia tu, na anayerudi kwenye uratibu baada ya kufukuzwa tunamwona ameanguka. Mimi naona tunawakosea heshima. Dick LeBeau, aliyebuni namna ya kushambulia mrushaji ambayo mpaka leo inatumika kila Jumapili, aliifundisha Cincinnati Bengals kuanzia 2000 hadi 2002 akashinda mechi 12 tu na kupoteza 33. Akarudi Pittsburgh kuwa mratibu na kupata mataji mawili. Ukocha mkuu si uratibu uliokuzwa, kama vile uhakimu usivyokuwa uwakili uliokuzwa. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kimoja asifae kwa kingine, na hakuna aibu katika hilo.

Wapo pia ambao uratibu wao unawafundisha kazi nzima bila wengi kugundua. John Harbaugh aliongoza vikosi maalumu vya Eagles kwa miaka tisa, kazi ambayo haisifiwi na ambayo ni nadra kumfikisha mtu kwenye ukocha mkuu. Lakini mratibu wa vikosi maalumu ndiye pekee, ukimwondoa kocha mkuu, anayewafundisha wachezaji wa pande zote mbili kila siku, akiwemo kijana wa akiba ambaye hana uhakika wa kuwa na ajira wiki ijayo, na ndiye anayefikiria saa, upepo na umbali katika kila mechi. Baltimore Ravens walimchukua mwaka 2008, na Februari 2013 wakawa mabingwa. Kama timu nyingi zingetafuta huko, naamini zingepata makocha wakuu ambao leo hawajulikani hata kwa mashabiki wa timu zao.

Swali lako lina neno "nyingine", nami sitaki kulipita. Timu anayokwenda mtu ni sehemu ya jibu. Bill Belichick alikuwa mratibu wa ulinzi wa New York Giants waliotwaa mataji mawili, akaenda Cleveland Browns mwaka 1991 na kushinda mechi 36 kwa 44 za kupoteza. Msimu wake wa mwisho huko, wa 1995, uliharibika mmiliki alipotangaza katikati ya msimu kwamba anaihamishia klabu Baltimore. Mtu huyohuyo akaenda New England Patriots mwaka 2000, akakuta mmiliki aliyempa mamlaka na muda, akapata katika mwaka huohuo mrushaji aliyechaguliwa namba 199 timu zilipogawana wachezaji wapya, Tom Brady, na wakatwaa mataji sita pamoja. Bila shaka naye alikuwa amejifunza kutokana na makosa ya Cleveland. Hata hivyo siwezi kumlaumu anayesema kwamba mratibu mwenye busara huikataa kazi ya klabu yenye fujo na kusubiri mwaka mwingine. Nafasi ni 32 tu, nami najua ni vigumu kukataa, lakini kukataa kunawezekana.

Vyuo vikuu ni somo pana ambalo sitaliingia sana. Huko kuna jambo la ziada, yaani kuwashawishi vijana wa sekondari na wazazi wao, na mratibu anayelimudu hilo anafika akiwa na faida kubwa. Kirby Smart na Will Muschamp wote walicheza ulinzi Chuo Kikuu cha Georgia, na wote waliwahi kuwa waratibu wa ulinzi wa Nick Saban, kocha mashuhuri wa vyuo. Smart alirudi Georgia mwishoni mwa 2015, katika jimbo ambalo anazijua shule na makocha wake tangu ujana, akatwaa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2021 na 2022. Muschamp alipewa Chuo Kikuu cha Florida mwishoni mwa 2010. Ulinzi wake ulikuwa mkali, lakini mashambulizi hayakusimama kamwe, na akaondolewa mwaka 2014. Ni ileile nusu ya pili, safari hii chuoni.

Kwa hiyo, unamtambuaje mapema? Tazama majina ya wasaidizi, hasa wa upande ambao si wake. McVay, kijana wa mashambulizi mwenye miaka 30, jambo lake la kwanza lilikuwa kumwita Wade Phillips, mwenye miaka 69, aliyekwisha kuwa kocha mkuu mara kadhaa na ambaye ulinzi wake uliipa Denver ubingwa mwaka mmoja kabla. Alimpa ulinzi wote. Kijana asiyejiamini angemwogopa mzee kama huyo. DeMeco Ryans, mtu wa ulinzi tangu alipokuwa mchezaji, alipokabidhiwa Houston Texans mwaka 2023 alikuja na Bobby Slowik kutoka San Francisco kwa ajili ya mashambulizi, na mrushaji chipukizi C.J. Stroud hakuachwa akijifunza peke yake. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 3 ikashinda 10. Ukiona kocha mpya amejaza wasaidizi wa upande wake anaoujua, na upande mwingine amempa rafiki wa zamani ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, hapo mimi huanza kuwa na wasiwasi.

Tambua pia kwamba mafanikio humchelewesha mratibu. Yule ambaye timu yake imefika Super Bowl huajiriwa katikati ya Februari, wakati wasaidizi bora wamekwisha kutia saini kwingine, na walio na mikataba wanaweza kuzuiwa na klabu zao kuhama kwenda kushika cheo kilekile. Ndivyo ilivyowatokea Steichen na Gannon, na ndivyo ilivyomtokea Kellen Moore alipokwenda New Orleans Saints siku mbili baada ya kutwaa taji na Eagles. Mtu wa namna hiyo anastahili kupewa misimu miwili kabla hajahukumiwa, kwa kuwa benchi lake la kwanza si lile ambalo angelichagua.

Kitu ambacho nakushauri usikipe uzito ni mkutano wa kwanza na waandishi wa habari. Sirianni alipotambulishwa Philadelphia mwaka 2021 alibabaika, sentensi zikamkatikia mdomoni, na mji mzima ukamcheka. Hackett alipotambulishwa Denver alichangamka na kuwafurahisha watu. Timu yako itakapomtangaza kocha mpya, ngoja wiki mbili au tatu mpaka orodha ya wasaidizi itoke, uisome jina kwa jina, kisha uniandikie tena uniambie ulichokiona.